Alama Kumi za Vema

Kidole cha fundi kilizama ukutani hadi kiungo cha pili.

Hakuwa amesukuma. Mvua iliyonyesha kutwa nzima ya jana iliuacha ukuta wa nyuma wa nyumba mpya na rangi mbili, nyepesi juu na nzito chini, naye alipita kuukagua tu, kikombe cha chai mkononi, kama alivyofanya kila asubuhi tangu aezeke. Akaona tofali limejaa vishimo. Akaligusa, likamwagika.

"Mama wee," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuta nyoka na hataki kumshtua.

Mkewe alikuwa kwenye baraza ya nyumba ya zamani, hatua kumi kutoka pale, akishona sare za shule. Cherehani ikanyamaza. Mtaani walimwita Cherehani, ingawa cherehani yenyewe ilikuwa na maneno mengi kuliko yeye. Alikuja na pini mbili bado mdomoni, akatazama shimo, akatazama unga wa udongo uliolala juu ya kiatu cha mumewe.

"Ni hilo moja tu?" aliuliza baada ya kuzitoa pini.

Fundi alikuwa ameshasogea. Alikuwa akitembea na ukuta, akigonga tofali hadi tofali kwa kifundo cha kidole. Mengi yaliitika kwa mlio mkavu, kama mlango wa mbao ngumu. Mengine yaliitika kama boga. Kila tofali lilikuwa na tarehe aliyoichora kwa msumari kabla halijakauka. Akainama kusoma tarehe za yale yaliyoitika vibaya.

"Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tatu tena." Akasimama wima. "Mke wangu, yote mabovu ni ya siku mbili tu. Yote! Siku hizo mbili nilikosea nini?"

Mkewe alisema hajui. Akarudi kwenye cherehani yake, akakaa, akaweka mguu kwenye pedali na asiikanyage.

Nyumba ile haikuwa yao peke yao. Mradi wa umeme wa jua na ujenzi wa udongo ulikuwa umeichagua iwe nyumba ya mfano. Matofali yake hayakuchomwa kwa kuni hata moja. Yalikuwa udongo wa palepale, saruji kidogo na maji, yakashindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha yakamwagiliwa kwa siku nyingi ili saruji ishike. Juu ya paa zingepanda paneli nne siku ya Alhamisi. Familia kumi na moja za mtaa zilikuwa zimeandikisha majina: nyumba ya fundi ikisimama vizuri, nao watasaidiwa kujenga hivyohivyo na kuwashiwa taa, na fundi atakuwa na kazi ya miaka miwili. Isiposimama, paneli zitapelekwa kwa watu wengine. Kwa sasa zilikuwa kwenye maboksi chumbani kwa mama yake fundi, pamoja na betri aliyoiogopa kuliko mwizi. "Ikinilipua," alikuwa akiuliza kila siku, "mtanikusanya kwa ungo au kwa kijiko?"

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Mhandisi wa mradi alifika adhuhuri kwa pikipiki. Alikuwa kijana mpole mwenye miwani, aliyeomba samahani kabla ya kila neno baya, hata watu wakajifunza kuogopa neno samahani. Nyuma yake alifuata mchoma matofali, mjumbe wa kamati ya mtaa, ambaye tanuri lake lilikuwa mwisho wa barabara na ambaye tangu mwanzo alisema nyumba ya udongo ni kaburi lenye dirisha. Na jirani wa upande wa pili, mwanamke waliyemwita Redio, alikuja bila kuitwa, akasimama mahali ambapo neno halingempita.

Mhandisi aligonga ukuta, akachukua udongo kidogo, akausugua viganjani. Kisha akaiondoa karatasi ya kumwagilia iliyoning'inia mlangoni ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa na visanduku viwili kwa kila siku, asubuhi na jioni. Kila kisanduku kilikuwa na alama ya vema, ndogo na safi, kama mshono.

"Udongo tuliupima pamoja kwenye chupa, ni mzuri," alisema. "Mashine haina tatizo. Na maji, samahani, maji yako sawa. Hapa kuna vema kila siku, hata wiki ile bomba lilipokauka. Ndiyo maana tuliwapa yale mapipa mawili ya akiba." Akasukuma miwani juu. "Inabaki saruji."

"Semeni tu," mchoma matofali akadakia. "Imeliwa."

"Imeliwa na nani?" fundi aliuliza.

"Mimi nimemtaja mtu? Nimesema tofali lina njaa."

"Ndoo moja ya saruji kwa ndoo kumi na mbili za udongo. Nimepima kwa mikono yangu mwenyewe."

"Nani alikuwepo ukipima?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Ehee," alisema mchoma matofali, na akawageukia wengine kama vile amekwisha jibiwa.

"Mimi sina langu," Redio alisema, "ila mwezi uleule choo chenu kilipata bati jipya, shemeji. Au macho yangu?"

"Nimeuza majogoo wawili! Wewe mwenyewe ulilalamika jinsi walivyokuwa wanawika!"

"Nakumbuka kulalamika. Kuuzwa sikukuona."

Mhandisi aliinua mkono. Alisema Alhamisi saa tisa alasiri watapima matofali mbele ya wote waliojiandikisha, kila mtu aone. "Samahani, fundi. Ikionekana saruji ilipungua, utasaini kwamba ilipungua. Hakuna atakayekupeleka polisi. Ila kazi ya mradi itakuwa imeishia hapo."

Ndani ya nyumba ya zamani, nyuma ya pazia, mke wa fundi alisikia yote. Alikuwa ameshika kipande cha kitambaa cha sare. Alipokitazama baadaye alikuta amekikunja mara nyingi hata kikawa kidogo kama sanduku la kiberiti.

Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani.

"Wamesema nini?"

"Wamesema saruji, mama."

"Mwanangu hajawahi kuiba hata kijiko cha sukari. Nilikuwa naiacha wazi makusudi, nimjaribu."

Mke wa fundi akaketi kwenye boksi la paneli. Kila mmoja alijua mwenzake anafikiria nini.

"Uliniapia," mama mkwe alisema.

"Sijasahau."

Ilikuwa wiki ile ya bomba kukauka, kuanzia tarehe kumi na tano. Fundi alikuwa ameshamaliza kushindilia matofali yake ya siku mbili, akayapanga uani na kuyafunika nailoni, akamwachia mkewe kazi ya kuyamwagilia, kama alivyomwachia siku zote. Mwenyewe akapata kibarua cha mbali, akawa anatoka alfajiri na kurudi jioni. Asubuhi ya kwanza mama yake akashikwa na tumbo. Tangu mwaka uliopita mguu wake wa kushoto ulikuwa mzito, na choo kilikuwa mwisho wa uwanja. Hakufika. Hakufika mara ya pili wala ya tatu. Huyu alikuwa mwanamke aliyefua mashuka ya hoteli kwa miaka ishirini, ambaye hata leo alimfundisha mkwewe namna ya kukunja ncha za shuka ili kitanda kionekane kama bahasha.

Mke wa fundi alichota ndoo moja kwenye pipa la akiba, akasema moyoni, kesho bomba litatoka. Akatia vema ya kwanza kwa nia ya kuilipa kesho yake. Kesho yake bomba halikutoka, na ndoo zikawa tano. Siku ya tano mapipa yote mawili yalilia yakigongwa. Jioni mumewe akirudi alimuuliza, "Umemwagilia?" naye alijibu, "Nimemwagilia." Mumewe hakunyanyua nailoni kuangalia. Kwa nini angenyanyua?

Maji yaliporudi aliyanywesha matofali yale mara tatu kwa siku, wiki mbili mfululizo, kama mtu anayemlisha mtoto aliyemnyima chakula. Hakujua kwamba tofali lenye saruji likishakauka siku zile za mwanzo, halirudi tena. Kwa macho yalifanana na mengine yote.

"Nisikilize," mama mkwe alisema sasa. "Akijua mwanangu, atanitazama vile wanavyotazamwa watu wa kulishwa. Na huyo Redio akijua, mimi mlango huo sitautoka tena. Nitafia humu na hilo betri lenu."

"Lakini watamwita mwizi, mama."

Mama mkwe aligeuza uso ukutani.

Fundi aliingia nusu saa baadaye. Hakuketi mezani, aliketi kwenye kigoda cha kushonea, magoti yakampanda hadi kifuani. Mbele yake kwenye sakafu alipanga njiti za kiberiti: moja upande huu, kumi na mbili upande ule. Akazivuruga. Akazipanga tena.

"Labda nilikosea kweli," alisema.

"Hukukosea."

"Umejuaje? Hukuwepo. Siku ile ya kumi na tatu kulikuwa na joto, nilikuwa nawaza kibarua. Mtu anaweza kuhesabu ndoo kumi na mbili, kumbe ni kumi na tano. Anaweza." Alizitazama njiti kama zitamjibu. "Miaka kumi na minane nachanganya udongo. Leo sijui kuhesabu."

Mkewe alifungua mdomo. Nyuma ya ukuta mwembamba, mama mkwe akakohoa mara moja, kikohozi kikavu kisichokuwa na ugonjwa ndani yake.

"Kula kwanza," mke wa fundi alisema. "Chakula kinapoa."

Hakula. Jumatano hakwenda popote. Alishinda akigonga ukuta, na kila alipogonga mkewe alikosea mshono. Alifumua mkono mmoja wa shati mara tatu. Watoto wa jirani walipita uani wakiimba, "Tofali lina njaa, tofali lina njaa," na fundi hakuwafukuza.

Alhamisi alasiri ua ulijaa. Waliojiandikisha walikuwa kumi na mmoja, lakini waliofika walizidi hamsini, kwa kuwa habari ya wizi hukusanya watu upesi kuliko habari ya taa. Gari la mradi liliegeshwa njiani, ngazi mbili zimefungwa juu yake. Dereva alitoa kichwa dirishani.

"Bosi, leo tunapandisha paneli au tunapakia?"

"Subiri," mhandisi alimjibu.

Mama mkwe aliomba atolewe nje. Mke wa fundi alimshika kwapani, akamkalisha kwenye kiti mlangoni, leso nyeupe iliyopigwa pasi kichwani, fimbo katikati ya magoti. Alisalimiwa na wote. Hakuwaitikia wote.

Mhandisi alikuwa ameomba matofali yaliyobaki ya kila tarehe. Alinyanyua la tarehe tano hadi kifuani, akaliachia. Lilitua kwa kishindo, kona moja ikachubuka, likabaki zima. Akanyanyua la tarehe ishirini na mbili. Nalo likabaki zima. Watu wakanong'ona. Kisha akachukua la kumi na tatu. Hilo halikutoa hata mlio. Lilifunguka chini kama mkate.

La kumi na nne vilevile.

"Anayetaka kulala chini ya mkate, mkono juu," alisema mchoma matofali, na ua mzima ukacheka.

Mhandisi alifungua jalada lake, akatoa karatasi iliyochapwa. "Samahani, fundi."

"Inasemaje?"

"Inasema saruji ilikuwa pungufu, na wewe ndiye uliyekuwa unachanganya."

"Haisemi niliiba."

"Hapana. Haisemi."

"Lakini ndivyo itakavyosomwa."

Mhandisi alimnyooshea kalamu.

Fundi alipokea kalamu. Vidole vyake vilikuwa vimepasukapasuka kwa saruji, na kalamu ilionekana nyembamba mno kati yao. Alitafuta mahali pa kuweka karatasi. Hapakuwa na meza. Mchoma matofali akapiga hatua mbele, akampa mgongo, akainama, mikono magotini.

"Andikia hapa, jirani. Mgongo huu umebeba matofali ya kweli."

Watu wakacheka tena, kwa sauti zaidi. Fundi alisimama kidogo. Kisha akaiweka karatasi juu ya mgongo wa yule mtu, akailainisha kwa kiganja, akainamisha kichwa.

"Saruji ilikuwepo," mke wa fundi alisema.

Hakuna aliyesikia. Sauti yake haikuwahi kuvuka baraza. Alihisi masikio yakimwaka. Aliwaza kwamba bado anaweza kunyamaza, na hakuna atakayejua kwamba alisema kitu.

"Saruji ilikuwepo!" Safari hii ilitoka kama kelele ya mtu aliyeungua. "Saruji ilikuwepo yote. Maji ndiyo hayakuwepo."

Vicheko vikakatika. Fundi aliinua kichwa. Kalamu ilikuwa imeshachora mstari wa kwanza wa jina lake.

"Samahani?" alisema mhandisi. Aliishika karatasi ya kumwagilia. "Lakini hapa kuna vema."

"Nilizitia mimi. Kuanzia asubuhi ya tarehe kumi na tano mpaka jioni ya kumi na tisa. Ni kumi. Hakuna hata moja ya kweli. Hayo matofali yalikauka juani tangu siku ya kwanza."

"Na mapipa mawili ya akiba?"

"Yaliisha."

"Yaliishaje, kama hukumwagilia?"

"Ngoja! Ngojeni kwanza." Ilikuwa sauti ya Redio, na Redio mwenyewe akaja hadi mbele, kiganja kifuani. "Wiki ile mimi nilikuja hapa na ndoo. Nina mjukuu mchanga ndani. Nikakuomba ndoo moja, moja tu, ukaniambia jirani nisamehe, haya ni ya matofali. Nikasema haya, ya matofali. Nikarudi na ndoo yangu tupu. Kumbe?"

"Nilikudanganya, jirani."

"Unanidanganya mimi na mtoto analia?"

"Ndiyo."

"Aliyauza huyo," mchoma matofali alisema, bado ameinama. "Wiki ile ndoo ilikuwa bei ya soda tatu!"

Neno lile likashika. Aliuza. Aliuza maji ya mradi. Kimya kimya kumbe biashara. Mke wa fundi alizisikia sauti zikimpitia, akaona shingo za wanawake aliowashonea zikigeuka.

Fundi alimjia karibu. Hakupaza sauti. "Mke wangu. Maji yalikwenda wapi?"

"Niliyatumia."

"Kwa kazi gani?"

Akafunga mdomo. Kila mtu aliona kwamba amefunga kwa makusudi. Hakutazama mlangoni, alijikaza asitazame, hata shingo ikamuuma.

"Nakuuliza mimi mumeo, mbele ya watu wote hawa. Ningesaini wizi. Unaniona naenda kusaini wizi. Maji yalikwenda wapi?"

"Niliyatumia mimi," alirudia, machozi yakimfika kidevuni. "Hiyo karatasi wafute jina lako, waandike langu."

"Basi mwizi ni mke," mtu alisema nyuma, karibu kwa furaha.

Fimbo ikagonga sakafu ya baraza.

"Maji yalikuja kwangu," alisema mama mkwe.

Vichwa vyote vikageukia mlangoni.

"Tumbo lilinishika siku tano. Mguu huu haunifikishi chooni. Nilikuwa nachafua kitanda, mara tatu, mara nne kwa siku, na yeye anafua. Mnataka na rangi yake niwaambie?"

Hakuna aliyetaka rangi. Mzee mmoja alivua kofia, akaitazama ndani.

"Nilimwapisha asiseme. Nimefua mashuka ya wageni miaka ishirini, najua siri za watu mpaka za waheshimiwa. Zangu sikutaka zijulikane. Haya, zimejulikana." Fimbo ikamwelekea mchoma matofali. "Na wewe nyoosha mgongo, mwana wa watu. Hakuna anayekuandikia tena."

Mchoma matofali akanyooka. Karatasi ikaanguka chini, na hakuna aliyeiokota.

Redio ndiye aliyesogea kwanza. Alikwenda hadi barazani, akasema, "Pole, mama," na kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa ule hakuongeza neno. Kisha akarudi, akalinyanyua tofali la tarehe ishirini na mbili, akalipimapima mikononi.

"Hili lilipata maji kweli?" alimuuliza mke wa fundi.

"Lilipata."

"Haya. Yale ya mtoto sijakusamehe, tutayaongea wenyewe. Sasa niambie: haya madude yanakunywa kiasi gani? Kwangu bomba linatoka mara mbili kwa wiki, na mimi vema za uongo sijui kutia. Mkono wangu mbaya."

Wachache walicheka, safari hii bila meno makali.

"Kitaalamu," mhandisi alianza, "ni asubuhi na jioni, kwa muda usiopungua..."

"Hilo tulisikia siku ya semina. Nauliza ndoo ngapi."

Mhandisi alipekua jalada. Alipekua mbele, akapekua nyuma.

"Matofali mia yanataka ndoo tatu kwa siku," mke wa fundi alisema, akijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Ndivyo tulivyofundishwa, kumwagia juu. Nusu yake inaishia chini. Lakini ukilowesha magunia, ukayafunika matofali, juu ya magunia nailoni, ukayaweka kivulini, ndoo moja inatosha. Nimejaribu haya ya mwisho, hilo ulilolishika ni mojawapo. Yale mapipa mawili yangeyatosha matofali yote wiki mbili, na ndoo moja ya jirani juu."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa.

"Kwa nini hukuniambia?" mhandisi aliuliza.

"Hukuniuliza. Ulikuwa unaongea na fundi."

Mhandisi aliangalia karatasi ya visanduku, kisanduku cha asubuhi, kisanduku cha jioni. Hapakuwa na mahali popote pa kuandika kwamba leo hakuna maji. Alitoa kalamu nyingine mfukoni, akapiga mstari kuanzia juu hadi chini, akaongeza safu ya tatu, akabaki ameishika kalamu hewani kabla ya kuandika kichwa chake.

"Bosi," dereva aliita. "Tunapandisha au tunapakia?"

"Wala hatupandishi wala hatupakii. Maboksi yatabaki hapa siku arobaini. Ukuta huu ushuke hadi msingi, ujengwe upya." Akageuka. "Fundi, sa..." Akaliacha neno lile katikati, akainama, akaiokota karatasi iliyoanguka, akaichana.

Kabla jua halijashuka, majina saba kati ya kumi na moja yalikuwa yamefutwa. Wawili kati yao waliondoka wakifuatana na mchoma matofali, wakiulizia bei. Yalibaki manne, na Redio alisimama pale hadi akahakikisha lake halijafutwa kwa bahati mbaya.

Watu walipoisha, fundi aliweka magogo matatu chini ya boriti ili paa lisimame bila ukuta, akachukua nyundo, akaanza kubomoa. Hakumwita mtu. Mkewe alikaa mbali kidogo, akiyatenga matofali mazima na mabovu. Nyundo ilipiga, ikapumzika, ikapiga. Walikuwa wamefika katikati ya ukuta, na mwanga ulikuwa umeshaanza kuwa mwekundu, fundi aliposimama na kujifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Uliniacha nikapanga njiti sakafuni," alisema.

"Ndiyo."

"Nikajiona mwendawazimu."

"Ndiyo. Nisamehe."

Hakusema amesamehe. Alipiga nyundo mara mbili, ya tatu akaishusha.

"Yale mashuka ulikuwa unayaanika wapi? Mimi nilikuwa narudi kila jioni. Sikuona hata moja."

"Uliyaona. Yalikuwa ndani, kwenye kamba ya nguo za wateja. Nilikwambia ni mapazia ya mteja."

Fundi alifikiri. Uso wake ulibadilika polepole.

"Na mimi nikasema..."

"Ukasema huyo mteja ana madirisha mengi kama hospitali."

Kitu kilimtoka puani ambacho hakikuwa kikohozi. Akageuka upande wa ukuta, mabega yakatikisika, akabaki hivyo kitambo, kiganja juu ya macho. Kisha akaweka nyundo chini, akanawa mikono kwenye ndoo, mpaka viwiko, akaingia nyumba ya zamani, akapita cherehani, akasukuma pazia la chumba cha mama yake, ambako kwa miezi mingi alikuwa akisimama mlangoni tu na kuuliza umeamkaje.

Mkewe, nje, akiwa na tofali mikononi, alisikia kitanda kikilia kwa uzito wa mtu wa pili. Halafu akaisikia sauti ya mama mkwe, kali, ya kawaida kabisa:

"Sogea basi. Umekalia mguu wangu mzima."